Maswali ya Wasomaji: Gazeti la Ali na Foreman

Swali: Shikamoo mzee. Nimenunua gazeti la New York lenye habari ya Muhammad Ali kumtwanga George Foreman kule Kinshasa. Tarehe yake ni 30 Oktoba 1974. Rafiki yangu anasema ni feki: pambano lilikuwa tarehe hiyohiyo, gazeti la asubuhi lingepataje matokeo? Je, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia? Na nililaminishe?
*Mpenda ndondi*

Jibu: Marahaba. Rafiki yako ni mwerevu, ila kasahau saa. Kengele ya kwanza ililia Kinshasa karibu saa kumi alfajiri, makusudi, ili Wamarekani waone pambano usiku wao. New York ilikuwa bado saa nne usiku, tarehe 29. Foreman alianguka raundi ya nane, na gazeti la kesho yake likawahi. Lingekuwa la asubuhi la London, ningekunja uso, maana huko ilikuwa saa tisa usiku.

Piga hesabu hiyo kila mara. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1966, Uingereza 4, Ujerumani Magharibi 2, ilichezwa Jumamosi alasiri, 30 Julai. Gazeti la asubuhi ya siku hiyo lina ubashiri tu. Matokeo yatafute Jumapili, tarehe 31.

Lakini tarehe peke yake haitoshi, kwani anayechapa upya huichapa na tarehe. Mimi nilinunua ukurasa wa mbele wa Jumapili hiyo, umeshawekwa kwenye fremu. Ulikaa ukutani miaka, nikiwaringia wageni. Siku kamba ilipokatika na kioo kikavunjika, niliugeuza: nyuma nyeupe pe! Gazeti gani lina upande mmoja?

Basi geuza la kwako. Usisome ndondi, soma yasiyomhusu mtu: hali ya hewa, matangazo ya magari, vifo. Kisha tazama rangi. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa rojo la mti, na mwanga na hewa huiunguza kuanzia pembeni. Kwa hiyo kingo huwa kahawia na katikati pamepauka. Iliyochovywa kwenye chai huwa kahawia sawasawa kote. Kingo za juu na chini ziwe na meno madogo ya kisu cha mtambo, na mara nyingi utaona vitundu vya pini.

Kulaminisha, hapana. Lile joto na gundi haviondoki tena. Selotepu nayo hugeuka kahawia na kula herufi. Lilaze bapa kwenye boksi la karatasi isiyo na asidi, gizani, pakavu, mbali na bomba la maji.

Ule ukurasa wangu bado ninao. Nyuma yake ndipo ninapoandika orodha ya magazeti yangu ya kweli.