Jibu: Paka dume anajikamua kwenye mchanga bila kutoa kitu

Salaam ndugu. Umesema paka wako dume anaingia kwenye sanduku la mchanga kila mara, anajikamua, na unadhani amefunga choo. Kwanza shika mchanga: una unyevu? Kama ni mkavu tangu asubuhi, huenda njia ya mkojo imeziba. Wangu alianza hivyohivyo, akawa analia akichuchumaa na kujilamba chini ya mkia bila kupumzika.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, hata kama ni usiku. Mkojo ukiziba kabisa, paka anaweza kufa ndani ya siku 1 hadi 2. Usimminye tumbo, na tafadhali usimpe parasetamoli. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Akitibiwa, chakula chenye majimaji kitamsaidia. Tuletee habari zake.