Zamu yako si mbio yako: kwa wadogo zangu wa mbio za pikipiki za saa 8

Msimu mpya, wageni wapya, makosa yale yale. Mnapokezana pikipiki moja, lakini mtu anaingia zamu yake kana kwamba mbio zinaisha baada ya mizunguko kumi. Tairi la nyuma linakwisha katikati ya zamu, mafuta hayamfikishi tulipopanga, halafu anavua helmeti na kuuliza, "Mzunguko wangu bora ni dakika ngapi?" Nawapenda, ndiyo maana nafoka. Kaeni chini tumtazame Takumi Takahashi, mwendesha pikipiki wa Japani.

1. Pikipiki ni ya wote. Takahashi ameshinda Saa 8 za Suzuka, mbio kubwa za kupokezana za Japani, mara 7: 2010, 2013, 2014, kisha mfululizo 2022 hadi 2025. Rekodi ya Tohru Ukawa aliyoivunja ilikuwa mara 5. Sasa tazameni aliopokezana nao usukani: Kiyonari na Nakagami, Haslam na van der Mark, baadaye Nagashima, Lecuona, Vierge, Nagoe, Zarco. Kila mmoja na mwili wake, kila mmoja na namna yake ya kushika breki, na pikipiki ni ile ile moja. Wewe umekaa juu yake dakika tano tu, tayari unamwita fundi akukazie shokapu. Mwenzako ataiendeshaje?

2. Piti, pale mnaposimama kujaza mafuta na kubadilisha matairi, ni sehemu ya mbio. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo mnaponiumiza moyo. Mwaka 2024 Takahashi, Zarco na Nagoe walimaliza mizunguko 220, mingi kuliko timu yoyote iliyowahi kukimbia Suzuka. Walikuwa na kasi, walikuwa na nidhamu ya matairi, na bado wakapigwa adhabu ya sekunde 40 kwa kosa la utaratibu wa kujaza mafuta. Hapakuwa na aliyeanguka wala injini iliyokufa. Ni kazi ya piti tu. Walishinda, ndiyo, lakini mbele ya YART, timu ya Yamaha, kwa chini ya sekunde 8. Gawanyeni hizo 40 kwa mizunguko 220: ni karibu sehemu mbili za kumi za sekunde kila mzunguko. Ndizo hizo hizo mnazozililia tangu mazoezi ya kwanza, mnabadilisha gia, mnabadilisha presha ya tairi, mnagombana na mafundi. Saa nane za jasho la watu watatu, kwenye joto la kiangazi cha Japani, nusura ziliwe na mpira wa mafuta. Kwa hiyo nikisema turudie zoezi la kujaza mafuta, msinitolee macho. Turudie.

3. Injini ikifuka moshi, toka njiani papo hapo. Mwaka 2019 mafuta yaliyomwagwa na pikipiki nyingine yalimwangusha Jonathan Rea wa Kawasaki akiwa anaongoza Suzuka, mzunguko wa mwisho.

4. Kunywa maji kabla hujasikia kiu.

5. Ukichapwa ugenini, rudi ufanye kazi. Takahashi alikuwa bingwa wa Japani wa JSB1000, daraja la juu la mbio za pikipiki huko, mwaka 2017. Akaenda mashindano ya dunia ya Superbike 2020, kisha Uingereza 2021, na kote kulimwendea vibaya. Wengi hapo wangekunja virago. Yeye 2022 alirudi Suzuka akashinda, na mwaka 2025 timu yake ilipobaki na waendeshaji wawili, yeye na Zarco wakagawana saa zote 8, wakawashinda Yamaha waliokuwa watatu. Mnaoniambia zamu mbili kwa siku zinachosha, kesho alfajiri njooni na viatu vya kukimbilia.