Shela na vilima vya mchanga: uliza maji kabla hujauliza njia

Usiondoke na wazee wako Jumamosi hiyo kabla hujajua maji. Nimesoma ulivyopanga: mtatoka kijiji cha Shela, kisiwani Lamu, saa nne asubuhi, mfuate ufuo mpaka katikati, mpande vilima vya mchanga, mteremke saa nane, kisha jioni mvuke kwenda Takwa, ule mji wa kale uliobaki magofu kisiwani Manda. Umeuliza mbebe nini, mlale wapi, nauli ya boti ni ngapi na kama mama yako wa miaka sitini ataweza. Halafu ukamalizia kwamba kuna mtu amekuambia "ufuo ule unatembeka saa yoyote". Nilipofika kwenye hilo neno nikaweka kikombe chini, kwa sababu neno hilohilo, kwa maneno hayohayo, ndilo nililoambiwa mimi.

Mimi ni wa Malindi. Bahari nimezaliwa nayo, kwa hiyo msije mkasema huyu ni mtu wa bara aliyeona mawimbi akapagawa. Nilikwenda Lamu mwezi wa pili, joto la kaskazi likiwa limekolea, na mke wangu, mwanetu wa miaka tisa, na mama mkwe ambaye alikuwa hajawahi kufika Lamu na alikuwa na hamu nayo tangu usichana wake. Pale kwenye gati alitupokea kijana mmoja, mcheshi, anajua kusalimia wazee. Akasema yeye ni mtembezaji. Nikamuuliza mambo yote: mbali kiasi gani, kuna kivuli, kuna nyoka, kuna maduka. Yote akayajibu. Neno moja sikumuuliza, naye hakulitaja: maji yanajaa saa ngapi.

Alitufikisha mwisho wa nyumba za Shela, akachukua pesa yake, akanyoosha mkono: "Nyookeni tu, ndugu yangu, huwezi kupotea." Kweli, huwezi kupotea. Kushoto bahari, kulia mchanga, kilomita 12 mpaka upande wa Kipungani. Hapo hakudanganya.

Saa nne ile ufuo ulikuwa mpana kama kiwanja cha mpira, mchanga mgumu, wa kukanyaga bila kuzama. Mama mkwe alivua viatu akatembea kama msichana. Tulikwenda saa nzima na nusu bila kuhisi. Tukapanda kilima kimoja kirefu, tukakaa juu. Nisiseme uongo, pazuri mno. Upande mmoja bahari, upande wa pili vilima vinafuatana, vingine vimeota yale majani yatambaayo yenye maua ya zambarau, na kwa mbali minazi. Mtoto akawa anabiringika chini na kupanda tena. Tukala mkate wa mofa na samaki, tukamaliza maji chupa tatu kati ya nne. Tulikuwa na haraka gani?

Tuliposhuka saa nane, ufuo ulikuwa umekwenda nusu.

Sasa sikiliza, hili ndilo nililoandikia yote haya. Siku ile ilikuwa tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu. Jana yake mbalamwezi ilikuwa pevu, na mimi mwenyewe niliisimamia darini nikaisifia. Mwezi ukipevuka au ukiandama, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, na siku mbili tatu zinazofuata ndizo za bamvua: maji hukupwa mbali sana na kujaa juu sana, tofauti ya karibu mita tatu. Na katika pwani yetu bamvua ina desturi yake: hukupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, ikajaa saa kumi au kumi na moja jioni. Yaani ule ufuo mpana uliotukaribisha ulikuwa mlango ulio wazi kwa saa chache tu. Sisi tulikwenda nao mpaka mbali, tukakaa juu kula samaki, na mlango ukawa unajifunga nyuma yetu.

Tulijaribu kwenda haraka. Ilipofika saa tisa u nusu mawimbi yalikuwa yanapiga chini ya kilima chenyewe. Wimbi moja likampata mama mkwe magotini. Buibui lake likalowa, likawa zito, na kila hatua linamburura. Begi nililoshika mkononi likalowa pia, simu ikafa humo ndani. Ikabidi tupande, tupite juu ya vilima. Na mchanga wa juu si ule wa ufuoni. Unapiga hatua moja, unarudishwa nusu. Jua limeuchoma tangu asubuhi, ukikanyaga unaruka. Kamba ya kiatu chake kimoja ikakatika. Nilimfunga mguu kwa ushungi wa mke wangu, tukaendelea hatua ishirini, tunapumzika, hatua ishirini, tunapumzika. Chupa ya mwisho ilibaki na maji ya vidole viwili. Mtoto midomo imeganda mchanga, haombi, anaitazama tu ile chupa. Mama mkwe akaikataa, akasema, "Mpe mtoto." Kisha akakaa chini, akaniambia kwa sauti ndogo: "Mwanangu, mimi siwezi tena."

Niliposimama pale sikujua kwamba chini ya miguu yetu kulikuwa na maji matamu. Mvua ikinyesha hupenya kwenye vilima vile, huchujwa na mchanga na kukaa juu ya maji ya chumvi, na visima vya Shela vinavyotegemea mchanga huo ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Ndiyo maana watu wa pale wanachukia kuona vilima vinachimbwa au kutupiwa taka, na ukienda usiache hata kifuniko cha chupa. Lakini siku ile, kiu iko pale, na maji yako pale, na hakuna njia ya kuyafikia.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyetokea nyuma ya vilima na punda amebeba kuni. Hakuuliza sisi ni nani. Aliteremsha kuni zake zote akaziacha pale mchangani, akampandisha mama mkwe. Tulipokuwa tunakwenda akaniuliza: "Mliuliza ndia?" yaani njia, kwa Kiamu. Nikamwambia ndiyo, tuliuliza. "Na maji je?" Sikuwa na jibu. Hakurudia tena, alikwenda kimya mpaka tulipoanza kusikia adhana ya magharibi kutoka Shela.

Goti la mama mkwe lilivimba, basi la alfajiri kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, likatuacha, tukalipa chumba siku mbili zaidi. Hizo pesa nilishazisahau. Kisichosahaulika ni kwamba mwaka wa tatu huu kila nikimwambia "mama, twende mahali", hujibu kwa upole kwamba nyumbani kunatosha. Nilimtoa na hamu ya maisha yake nikamrudisha hivyo. Na yule kijana, bado namkasirikia, sitaficha. Kuzaliwa kisiwani, kuona mzee wa miaka sitini na tatu anaelekea ufuoni siku ya bamvua, ukachukua pesa na usitamke neno moja! Huko si kusahau. Mvuvi yeyote wa Lamu angekuambia bila kuulizwa. Na huyo anayekuandikia wewe "saa yoyote" ni wa aina ileile: amekwenda mara moja, siku ya maji mafu, yasiyokupwa sana wala kujaa sana, akadhani bahari iko hivyo daima.

Wenyewe wa Lamu wana sababu ya kuyajua maji. Siku iliyofuata, tukiwa tumekaa karibu na msikiti wa Mnarani, ule wa 1829, jirani wa nyumba tuliyopanga alinisimulia Vita vya Shela vya takriban 1812. Mazrui waliotawala Mombasa na watu wa kisiwa cha Pate walikuja na majahazi kuishambulia Lamu, wakashindwa, wakakimbilia vyombo vyao. Maji yalikuwa yamekupwa. Vyombo vimekaa kwenye mchanga. Wengi waliuawa palepale ufuoni, kwenye mchanga huohuo unaotaka kuutembea Jumamosi.

Na Takwa ni habari hiyohiyo kwa upande wa pili. Ule mkondo unaoingia katikati ya mikoko ya Manda unataka maji yamejaa. Maji yakitoka, boti inakaa kwenye matope, na wewe unashuka kutembea au unangoja saa sita nyingine. Kwa hiyo vilima unavitaka maji yakiwa yamekupwa, Takwa unaitaka maji yakiwa yamejaa. Kuvitia vyote siku moja inawezekana, lakini bahari ndiyo itakayokupangia saa, si wewe. Ukifika, nenda mpaka kwenye lile kaburi la nguzo la miaka ya 1680 hivi. Mji ulihamwa muda si mrefu baada ya hapo, wenyeji wakavukia Shela, na watu wa Shela hadi leo hurudi pale kuomba dua ya mvua.

Fanya hivi. Usimuulize mtembezaji, usimuulize mwenye hoteli. Nenda kwa nahodha au mvuvi, jioni ya siku iliyotangulia, umuulize kesho yanakupwa saa ngapi na kujaa saa ngapi. Usitumie saa ya jana, maana kila siku husogea mbele kama dakika hamsini. Kisha anza kutembea maji yakiwa bado yanatoka, na yakianza tu kurudi, hata kama kilima kizuri kiko mbele yako, geuka. Mama yako ataweza, kama mtageuka.

Habari ya chumba na nauli ya boti wapo humu watakaokujibu vizuri kuliko mimi. Mimi niambie jambo moja: hiyo Jumamosi yako ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu? Kama ni kati ya 14 na 17, au 29 hadi 2, andika hapa leo, usingoje Ijumaa.