Kwa nini picha yako ilifutwa Commons

Dada, unauliza kwa nini picha ya sanamu ya Dedan Kimathi uliyoitoa kwenye tovuti ya gazeti ilifutwa Wikimedia Commons (ghala la picha huru linalotumiwa na Wikipedia), ilhali gazeti ulilitaja. Kutaja chanzo si kupewa ruhusa. Commons hupokea picha ambazo yeyote anaweza kuzitumia, hata kibiashara: zenye leseni (ruhusa ya matumizi) ya CC BY au CC BY-SA, kwa mfano. Ukiona NC, yaani hairuhusu biashara, achana nayo.

Lakini wewe si uko Nairobi? Panda matatu, shuka mjini, nenda Kimathi Street upige yako. Sheria ya Kenya inaruhusu kupiga picha ya sanaa iliyo mahali pa wazi (kuna nchi hata hilo ni kesi). Pakia faili lenyewe kutoka kwenye simu, si lililopitia WhatsApp, kwa sababu huko tarehe na aina ya kamera hupotea, na wakaguzi wakikosa hayo huanza kushuku.

Picha ile ya mwanamuziki, aliyokutumia mwenyewe, nayo ina shida: yeye kapigwa picha tu, haki kwa kawaida ni ya mpiga picha. Mwombe huyo mpiga picha aipakie kwa akaunti yake. Barua pepe yake ya kutoa ruhusa pia hukubaliwa, ila hukawia.