Mipango miji: maswali yenu kuhusu ramani zilizovuka mipaka

Mji wa bustani wa Waingereza ulikuwa kupanda miti tu?

Miti ni sehemu ndogo. Mwingereza Ebenezer Howard alipoandika pendekezo lake la mji wa bustani mwaka 1898, kiini kilikuwa ardhi: zinunuliwe eka 6,000 kwa bei ya shamba, eka 1,000 za katikati ziwe mji wa watu 30,000, zinazobaki ziendelee kulimwa. Ardhi yote ishikwe na wadhamini kwa niaba ya wakazi. Kila mwenye nyumba au duka alipe pango la ardhi. Pango hilo lilipe kwanza riba na mkopo wa ununuzi, kisha barabara, shule na malipo ya wazee. Thamani ya kiwanja ikipanda, faida inabaki mjini. Letchworth, kaskazini mwa London, ilianza kwa mtindo huo mwaka 1903.

Nchi nyingi zilizoiga zilichukua nyumba zenye ua na barabara zilizopinda, zikaacha pango. Ndiyo maana "bustani" nyingi zimeishia kuwa vitongoji vya wenye nacho: bei haina kizuizi, na matunzo ya miti hayana fungu.

Ni kweli aliyepanga Kampala alitoka Urusi?

Alipitia huko. Mpangaji huyo, Ernst May, alikuwa Mjerumani wa Frankfurt. Kabla ya Vita ya Kwanza alifanya kazi Uingereza chini ya Raymond Unwin, mmoja wa waliochora Letchworth. Kuanzia 1925 hadi 1930 alisimamia ujenzi wa makazi Frankfurt: mitaa mipya iliyotengwa na mji kwa mikanda ya kijani, kuta za paneli zilizotengenezwa kiwandani, na jiko la mita 1.9 kwa 3.4 lililosanifiwa na Margarete Schütte-Lihotzky.

Mwaka 1930 akaenda Umoja wa Kisovieti na kundi la wasanifu. Magnitogorsk, mji mpya wa chuma huko, iliwashinda. Kiwanda cha chuma kilikuwa kimeshaanza kujengwa, kwa hiyo mchoro wa mji ulilazimika kukikwepa, na vifaa vya ujenzi havikutosha. Mwaka 1934 akahamia Tanganyika kulima, baadaye akarudia usanifu Nairobi. Kati ya 1945 na 1947 ndipo alipoandaa mpango wa kupanua Kampala upande wa Kololo na Naguru, akifuata umbo la vilima. Ubaguzi wa kikoloni haukuguswa: makazi ya Waafrika yaliwekwa Naguru.

Kwa nini shule ya msingi huchorwa katikati ya mtaa?

Kipimo hicho kilienezwa na Mmarekani Clarence Perry mwaka 1929. Mtaa uwe na watu wa kutosha shule moja, katika eka kama 160. Mtoto asitembee zaidi ya nusu maili. Barabara kubwa zipite ukingoni, maduka yakae pembeni, na asilimia 10 ya eneo ibaki wazi. Mpango wa Nairobi wa 1948, ulioandaliwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini, ulijengwa juu ya wazo hilo.

Hesabu huharibika pale kiwanja cha familia moja kinapobeba familia nne. Shule hufurika, na eneo la wazi ndilo la kwanza kumegwa. Maduka ya pembeni nayo huwa mbali, kwa hiyo genge hufunguliwa barazani. Ukikagua mchoro, zidisha idadi ya viwanja kwa kaya zitakazoishi humo kweli, kisha kwa watoto wa umri wa shule, ndipo uhesabu madarasa. Kaya moja kwa kiwanja ni ndoto ya mchoraji.

Na magorofa ya Michenzani, Zanzibar, yalitoka wapi?

Ujerumani Mashariki, baada ya Mapinduzi ya 1964. Mpango mkuu wa Zanzibar uliofuata, wa 1982, ulikuwa wa Wachina.

Na mpango wa Dodoma ulitoka wapi?

Kanada. Mpango wa 1976 uliandaliwa na Project Planning Associates ya Toronto, kampuni ya Macklin Hancock. Miaka ya 1950 Hancock alikuwa amepanga Don Mills, nje kidogo ya Toronto: mitaa minne, kila mmoja na shule yake, ikizunguka kituo cha biashara. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoandaa mpango wa Dar es Salaam wa 1968.