Ukija kuchimba Kilwa, anza na jalala

Kila msimu wa kuchimbua mambo ya kale huja vijana wapya, na wakishuka tu chomboni wanakimbilia Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, kupiga picha. Sikatazi, hata mimi nilipiga. Ila kama umekuja kujua watu wa Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa pwani ya kusini ya Tanzania, walilima nini na walikula nini, kuta hazitakwambia mengi. Nenda jalalani, pale walipotupa taka zao.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulitazama shamba la leo nikadhani ndilo la jana. Nilisoma tafsiri ya maelezo ya Wareno walioingia Kilwa mwaka 1505, nikaandika kwenye ripoti kwamba wenyeji walilima mahindi. Mwalimu wangu alilizungushia neno hilo wino mwekundu akaniuliza: yalifikaje? Mahindi asili yake ni Amerika. "Milho", neno lililotafsiriwa mahindi, kwa Mreno wa wakati ule ni mtama. Muhogo, papai, na huo mkorosho mnaokaa kivulini mwake kula mchana, vyote vimekuja baadaye. Ukitaka kuliona konde la karne ya 14, futa kwanza nusu ya unachokiona.

Maelezo hayo ya 1505 usiyatupe, lakini. Yanataja machungwa, ndimu, vitunguu vidogo, tambuu, pamba, na bustani zilizonyweshwa maji ya visima. Yanasema pia kwamba waliofanya kazi mashambani ni watumwa. Usiliruke hilo eti ripoti ipendeze. Kwa hiyo ukikuta kisima, usipime kina ukaondoka, chukua na udongo wa pembeni. Na kigae cha mviringo kilichotobolewa katikati si takataka: kilisokotea uzi.

Sasa kazi yenyewe. Jaza udongo wa jalala kwenye ndoo, mimina maji, uvuruge taratibu kwa mkono. Usiharakishe, mbegu iliyoungua huvunjika kama mkaa wa kibiriti. Kilicho cheusi na chepesi kitaelea. Kimwage juu ya kitambaa chenye matundu madogo sana, ufunge, uanike kivulini. Juani vitapasuka. Lebo andika kwa kalamu ya risasi, maana wino ukilowa umepoteza mwezi mzima wa kazi. Utachoka, mgongo utauma, na siku nyingine utapata vipande vya mkaa tu.

Halafu ukipata punje usishangilie mapema. Punje ni chakula, bado si shamba. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani hii mwaka 1331, anaandika kwamba Mombasa hawakuwa na nafaka yao, waliletewa kutoka pwani ya bara, nao wakala zaidi ndizi na samaki. Mpunga huweza kusafiri kwa jahazi kama kitambaa. Kule Pemba, mbegu za Tumbe, mji wa zamani zaidi, zilionyesha uwele kwa wingi. Chwaka, mji uliofuata papo hapo Pemba, kuanzia karne ya 11 hivi, mpunga ukashika nafasi. Hayo yamejulikana kwa ndoo na maji, hakuna hati iliyosema. Kinachokusogeza karibu na shamba ni makapi, na zaidi ya makapi ni magugu, kwa sababu hakuna nahodha anayepakia magugu kwa makusudi.

Na waulize wanaolima. Msimu wangu wa pili nilikuwa nimetandaza mbegu kwenye sinia, nimeshaziandikia "mtama mdogo". Mama aliyekuwa akitupikia akasimama nyuma yangu na ungo wake mkononi, akainama, akaigeuza moja kwa ncha ya ukucha.

"Mwanangu, huu si mtama. Hili gugu la mpungani, mimi nalipepeta kila siku."

Maabara walikuja kumkubalia baadaye. Siku ile nilifuta lebo tu. Bahati nzuri ilikuwa ya kalamu ya risasi.