Watoto kumi wa watu, na wako yuko Katuba

*Shangazi, nakusalimu. Nina miaka 29, naishi Kampemba, hapa Lubumbashi. Bwana yangu anafanya kazi mgodini Kolwezi, anarudi kila baada ya wiki tatu. Tangu mwaka jana nalinda watoto wa watu nyumbani ili nisaidie akina mama wanaofanya kazi. Sasa wamefika kumi. Bwana alipokuja mara ya mwisho alinifokea mbele ya wazazi wao: wasizidi watano, la sivyo anafunga. Najua sheria ya 2016 inaniruhusu kufanya kazi. Anayemchochea ni mama mkwe, tangu mtoto wetu aende kukaa kwake, mtaa wa Katuba, kwa sababu nyumba imejaa. Niambie nibaki na nani. Mapacha wa miaka 4 wanalipa vizuri ila wanavuruga wenzao. Kitoto cha miezi 4, mama yake wa benki, analipa dola kabla ya wote. Mtoto wa muuza mikate wa soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, deni la miezi mitatu. Mmoja ana kifafa, wazazi wengine wananung'unika. Wa wifi anauma wenzake, na wifi halipi, analeta gunia la makala (makaa ya kupikia) tu. Wanne waliobaki ni wa majirani, wawili wamepita miaka 3, hao hawana tatizo. Mama wa Kampemba.*

Mama wa Kampemba, kulinda watoto kunachosha mgongo na masikio, na anayeidharau kazi hiyo hajaifanya hata asubuhi moja. Pole sana. Sasa tuongee.

Barua yako nimeirudia nikitafuta umri wa mtoto wako. Haumo. Umeniandikia miaka ya mapacha, miezi ya kitoto cha mama wa benki, hata deni la muuza mikate unalikumbuka. Wako umempitisha haraka ndani ya sentensi ya kumlaumu mama mkwe, eti "aende kukaa", kama vile alifunga mfuko wake akapanda gari peke yake. Hakwenda, mama. Ulimpeleka. Ulimtoa yeye ili apatikane nafasi ya wanaolipa.

Kwa hiyo swali lako la nibaki na nani lina jibu la kwanza kabla ya hao kumi: baki na wako. Ukishamrudisha ndipo tuhesabu wengine.

Na bwana yako namuunga mkono waziwazi. Mtu anatoka Kolwezi, kilomita zaidi ya 300, wiki tatu za vumbi na mashine, anafungua mlango anakuta watoto kumi saloni, yaani sebuleni, na yule anayemwita baba hayumo. Ulitaka aseme nini? Alikosea kukufokea mbele ya wazazi wa watu, na hilo mwambie usiku mkiwa wawili. Lakini hasira yake hakuitoa kwa mama yake. Aliikuta nyumbani kwake.

Huyo mama mkwe unayemwita mchochezi anamlisha mtoto wako, anamwogesha, anamlaza, kazi ileile unayowatoza wenzako dola, na kwako hajaomba hata franka. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Kazi hiyo kwa sasa anaifanya yeye.

Unanitajia sheria. Ni kweli: Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe, na marekebisho ya Julai 2016 yaliondoa sharti hilo. Nilifurahi kama wanawake wengine wa nchi hii. Lakini sheria hiyohiyo inawataka mume na mke wapatane wanapojifunga kisheria kufanya kazi kwa ajili ya watu wengine. Kufanya kazi ni haki yako. Saloni ni yenu wawili.

Hili linanikera kwenye ndoa za siku hizi, hasa hapa kwetu ambapo wanaume wengi wako migodini. Ndoa inaendeshwa kwa simu. Bwana anatuma pesa, mke anatuma picha, kila mmoja anaamini anajua maisha ya mwenzake. Watoto wanaongezwa mmoja mmoja, hakuna anayeambiwa. Mtoto anahamishiwa kwa bibi, baba anapata habari siku ya kufika. Halafu tunasema wanaume wamekuwa wakali! Zamani mke hakuongeza hata kuku ndani ya paseli, yaani uwanja wa nyumba, bila kumwambia mumewe, na si kwa sababu ya woga. Waliishi pamoja, waliongea. Nyinyi mna simu mbili mbili, mnashindwa kuambiana kwamba nyumba imejaa.

Turudi kwa watoto. Umewapanga kwa malipo. Mimi nawapanga kwa mikono yako, ambayo ni miwili.

Mapacha wana miaka 4. Hao hawavurugi, wamechoka kukaa ndani. Umri wao ni wa materneli, shule ya chekechea, inayopokea watoto kuanzia miaka 3, na wale wawili wa majirani nao wamefika. Zungumza na wazazi sasa ili Septemba waingie shule. Ni kweli masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi, materneli bado inalipiwa, lakini wazazi hao wanakulipa wewe tayari.

Kitoto cha miezi 4 kirudishe. Najua hapa ndipo panauma, maana ndicho kinacholeta dola. Likizo ya uzazi kwetu ni wiki 14, mama yake hana kosa kutafuta mtu. Ila mtoto wa umri huo anatakiwa anyonye maziwa ya mama tu hadi miezi 6, na wewe unampa chupa huku mmoja anauma mwenzake na mwingine anakimbilia mbabula, jiko la makala. Umeme unakatika, Juni na Julai baridi inakaza, watu wanaingiza mbabula ndani na kufunga madirisha. Hewa ya sumu ya makala inaua watu wamelala. Kisima cha paseli yako kina mfuniko? Hukuniambia. Mama wa benki ana uwezo wa kuweka mtu nyumbani kwake. Mpe notisi, na akiwa amelipa mwezi mzima, mrudishie siku zilizobaki.

Wa wifi anabaki, tena bila manung'uniko. Unasema halipi, kisha unasema analeta gunia la makala. Katika Lubumbashi hii gunia la makala ni malipo, na wewe unalijua kila unapopika bukari, ugali wetu, ya watu kumi. Kuuma ni tabia ya mtoto mdogo ambaye hajapata maneno. Mshike mkono, mwambie hapana, mpe kitu cha kutafuna. Atauma kidogo zaidi wakipungua.

Muuza mikate unamdai kwa mwezi, na yeye anapata pesa kwa siku. Ndiyo maana deni linapanda. Mwambie alipe kidogo kila jioni anapomchukua mtoto, kabla pesa haijaingia kwenye likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, na deni la nyuma alipunguze polepole. Ukimfukuza, mtoto ataenda kukaa chini ya meza sokoni kati ya magari. Wewe uliyesema unasaidia akina mama wanaofanya kazi, huyu ndiye.

Na mwenye kifafa usimtoe kwa sababu ya midomo ya watu. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa povu. Waambie wazazi wanaonung'unika hivyo, na asiyetaka kusikia aondoke na wake. Mama wa mtoto akuletee dawa na akuonyeshe saa zake. Akianguka, ondoa vitu vigumu karibu naye, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni wala usimkandamize. Ikipita dakika 5 hajatulia, mkimbize hospitali. Ukiona huwezi hayo, mwambie mama yake ukweli huo, usimsingizie majirani.

Wanabaki watano wa watu na wako wa sita. Pesa itapungua, nyingi tu. Piga hesabu hiyo na bwana yako akija tena, kabla hajarudi Kolwezi, muone pengo litazibwa na mshahara wake au kwa kupandisha bei kidogo kwa wale wawili wa majirani. Jumapili hii nenda Katuba, na usiende mikono mitupu.